Nasaba za Embu zahamia simuni: Jinsi koo zinavyokusanya, kusambaza na kugombania historia yao

AGHALABU utafiti wa nasaba katika Kaunti ya Embu hauanzii maktabani bali matangani. Mzee anapoaga dunia, jamaa zake hufungua kundi la WhatsApp ili kuchangisha fedha za mazishi na kupanga usafiri wa walio Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Yule aliyepewa jukumu la kuandika wasifu wa marehemu huuliza humo maswali ambayo hakuna aliyemuuliza mzee akiwa hai: Alizaliwa mwaka gani? Alitahiriwa na rika lipi? Mamake alitoka ukoo upi, na mbona watu wa Kyeni nao wanasema ni wao? Majibu huanza kumiminika, mengine kwa maandishi na mengi kwa sauti iliyorekodiwa na shangazi asiyependa kuandika. Mazishi yakiisha, kundi halivunjwi. Hubadilishwa jina tu, na iliyokuwa kamati ya mazishi ikawa baraza la ukoo.

Vile vijitabu vya ibada ya mazishi, ambavyo watu wengi huvitupa baada ya wiki moja, ni mojawapo ya hazina kubwa za nasaba nchini Kenya. Katika kurasa chache mna majina ya wazazi wa marehemu, ndugu zake kwa mpangilio wa kuzaliwa, wake, watoto na wajukuu, shule alizosomea, kanisa alilobatizwa na mahali alipofanya kazi. Matangazo ya vifo katika magazeti ya kitaifa huwa na habari kama hizo kwa ufupi. Siku hizi kijitabu hupigwa picha kwa simu na kusambazwa hata kabla ya jeneza kuteremshwa, na miaka kadhaa baadaye mjukuu aliye Marekani hukipata akitafuta jina la babu yake. Hata hivyo, wasifu wa mazishi huandikwa kwa adabu, na adabu si rafiki wa mtafiti. Mke aliyerudi kwao hatajwi, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa huachwa, na ugomvi wa shamba hufunikwa kwa maneno ya Biblia.

Kaunti ya Embu ilikuwa na watu 608,599 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019. Waembu huishi zaidi kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kunakolimwa majanichai na kahawa, nao Wambeere huishi nyanda za chini zenye ukame kuelekea mto Tana. Wamo pia Wakamba, Wakikuyu na wengineo. Facebook ilianzishwa mwaka 2004 na WhatsApp mwaka 2009, na simu za bei nafuu zilipoenea mashambani, mitandao hiyo ikawakuta watu ambao tayari walikuwa na desturi kongwe ya kukariri vizazi. Kilichobadilika ni kwamba anayesikiliza sasa si mjukuu aliyeketi karibu na moto. Ni watu mia mbili, na miongoni mwao wamo wasiojuana.

Majina yanayozunguka

Mtu anayefuatilia nasaba ya Embu hana budi kwanza kufahamu utaratibu wa majina. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Kadhalika binti wa kwanza huitwa kwa jina la nyanya mzaa baba na wa pili la nyanya mzaa mama. Kwa hiyo majina huzunguka. Nyaga humzaa Njeru, Njeru humzaa Nyaga, na Nyaga huyo naye humzaa Njeru mwingine. Picha ya mwaka 1950 na kitu iliyoandikwa nyuma "Njeru wa Nyaga" ikiwekwa mtandaoni, huenda ikadaiwa na nyumba nne tofauti, na kila nyumba ikawa na haki ya kuamini hivyo.

Jina peke yake, basi, halitoshi. Ni lazima liandamane na ukoo, ambao kwa Kiembu huitwa muviriga, na mahali, na rika. Rika ndilo saa ya wazee. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa anajua wenzake waliotahiriwa pamoja naye, na kwa kuwa marika mengi yalipewa majina kutokana na tukio la wakati huo, kama vile njaa, ugonjwa au ujio wa kitu kigeni, mtafiti anaweza kukisia miaka kwa kulinganisha. Tarehe ya Januari 1 iliyo kwenye vitambulisho vya wazee wengi ni makisio ya karani tu, na inashangaza jinsi vijana wanavyoibishania mitandaoni kana kwamba ilitolewa na daktari.

Tahajia nayo huwatatiza wengi. Sauti ambayo Mkikuyu huitamka kwa "h", Mwembu huitamka kwa "v" katika maneno mengi. Ukoo ni muhiriga kwa huyo wa kwanza na muviriga kwa huyu wa pili. Karani aliyetoka Murang'a au mmishonari aliyejifunza Kikuyu kwanza aliandika alivyozoea. Vilevile Mbeere imeandikwa Mbere na hata Emberre katika nyaraka za zamani. Anayetafuta kwa tahajia moja tu atakosa nusu ya habari za jamaa zake.

Ubishi kuhusu asili

Hakuna mjadala unaochemka haraka kama ule wa chimbuko. Masimulizi ya Waembu yanamtaja Mwenendega, aliyekutana na Ciurunji, akamwoa, na uzao wao ukawa ndio jamii ya Waembu. Kichaka kinachohusishwa na Mwenendega kiko karibu na Runyenjes. Yapo pia masimulizi ya uhamaji yanayoiunganisha jamii hii na majirani zake, hasa Wameru, ambao husimulia kwamba wahenga wao walitoka Mbwaa, upande wa pwani. Mtandaoni hadithi hizi huwekwa kama timu mbili za kandanda, na kila upande ukamtaka mwenziwe akiri kushindwa. Kumbe hadithi ya chimbuko na hadithi ya safari hujibu maswali mawili tofauti: moja yaeleza kwa nini watu hawa ni kitu kimoja, ya pili yaeleza walipitia wapi.

Wanaobishana wangepunguza kelele lau wangejua kwamba kazi kubwa ilishafanywa. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alichapisha mwaka 1973 kitabu kuhusu historia ya Embu na Mbeere hadi 1906, na mwaka 1974 akatoa mkusanyiko wa ushahidi wa wazee wenyewe. Mwaka 1906 haukuchaguliwa kiholela. Ndio mwaka Waingereza walipoishambulia na kuitwaa Embu na kuanzisha kituo cha utawala kilichokuja kuwa mji. Kabla yake, Satish Saberwal alikuwa ametoa mwaka 1970 utafiti kuhusu mfumo wa kisiasa wa Waembu wa jadi. Charles Ambler alifuata mwaka 1988 na kitabu kuhusu jamii za Kenya ya kati katika karne ya 19, ambamo biashara ya chakula, njaa na undugu wa kuvuka mipaka ya makabila vimeelezwa kwa kina. Afisa wa kikoloni G. St. J. Orde Browne, aliyehudumu eneo hilo, alichapisha chake mwaka 1925. Kina picha na maelezo ya thamani, pamoja na dharau ya wakati wake ambayo msomaji hana budi kuichuja.

Vitabu hivi ni adimu madukani. Matokeo yake ni kwamba kurasa zake huzunguka katika simu zikiwa zimepigwa picha bila jalada, bila jina la mwandishi wala nambari ya ukurasa. Ushahidi ambao mzee mmoja alimpa Mwaniki miaka hamsini iliyopita hugeuka kuwa "historia yetu" isiyo na mwenyewe, kisha hunukuliwa na mtu mwingine kama jambo aliloambiwa na babu yake. Baada ya mizunguko mitatu ya namna hiyo, watu watatu huonekana kuthibitisha kauli moja, ilhali msemaji alikuwa mmoja tu.

Nasaba kama hati ya shamba

Katika Mbeere, jambo hili si la kujifurahisha. Nasaba ni ardhi.

Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulianzisha ujumuishaji na usajili wa mashamba katika maeneo ya Kenya ya kati, na sehemu za juu za Embu zikaguswa mapema. Nyanda za Mbeere zilichelewa. Ni baada ya Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya mwaka 1968 ndipo kazi hiyo iliposhika kasi huko, na wenyeji wakatakiwa kuthibitisha mbele ya kamati nani alikuwa na haki gani, wapi. Hakukuwa na karatasi. Kilichokuwepo ni simulizi: babu yetu ndiye aliyefyeka kwanza, mizinga yake ya nyuki ilitundikwa kwenye mti ule, kilima kile chaitwa kwa jina letu, nanyi tuliwakaribisha tu.

Mwanaanthropolojia Jack Glazier alifuatilia mchakato huo na mwaka 1985 akachapisha kitabu kuhusu ardhi na matumizi ya mapokeo miongoni mwa Wambeere. Alichokionyesha kingefaa kusomwa na kila msimamizi wa kundi la ukoo. Koo ambazo hapo awali zilikuwa makundi yaliyotawanyika zilijipanga upya ili kuendesha kesi. Ukoo wenye watu wengi ulikuwa na wachangiaji wengi wa ada na mashahidi wengi. Basi wenye majina yanayofanana waligundua undugu, na matawi ambayo hayakuwa yakishirikiana yakapewa babu mmoja. Simulizi hazikuwa uongo mtupu. Zilikuwa zikichaguliwa, zikirefushwa na kunyamazishwa kulingana na kile kilichokuwa kikigombaniwa. Pale maneno yaliposhindwa, watu walirejea kiapo, kikiwemo kile cha kumpiga mbuzi ambacho hufahamika kwa jamii kadhaa za eneo la Mlima Kenya, na ambacho bado hutajwa kwa hofu.

Ukilitazama kundi la WhatsApp la ukoo leo, utaona mambo yale yale yakifanyika kwa kasi zaidi. Linapotokea suala la fidia, mgao wa mashamba au mirathi, orodha ya wanachama hupanuka ghafla. Mtu huweka mchoro wa nasaba wenye vizazi saba. Wa pili huuliza kwa nini babu yake hayumo. Wa tatu huuchukua mchoro huo, huubadilisha na kuupeleka katika kundi jingine. Ardhi ya Mwea iliyo upande wa Mbeere Kusini, ambayo jamii kadhaa zimeigombania kwa miaka mingi, ni mfano wa mahali ambapo sentensi moja kuhusu "waliotangulia kufika" huweza kuwasha moto usiozimika kwa kubonyeza kitufe cha kufuta.

Je, mchoro wa mtandaoni una uzito mahakamani? Sheria ya Ushahidi ya Kenya inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, lakini nakala iliyochapishwa kutoka kwa simu au kompyuta hudai kuandamana na cheti kinachoeleza jinsi ilivyotolewa, na mahakama hutazama ilitunzwaje na nani aliiandika. Ujumbe uliosambazwa mara kumi na usiojulikana mwanzilishi hauna msaada mkubwa. Kwa upande mwingine, maneno ambayo mtu aliyaandika mwenyewe, mathalani kukiri kwamba binamu yake ni mrithi halali, yanaweza kumrudia. Wengi huandika kana kwamba wako sebuleni.

Ajabu ni kwamba mahakama zenyewe ni chanzo kizuri cha nasaba. Hukumu za Kenya hupatikana bila malipo kwenye tovuti ya Kenya Law, zikiwemo za Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoko Embu, na katika kesi za mirathi na za ukoo majaji hulazimika kueleza nani alimzaa nani kabla ya kuamua lolote. Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo chanzo chake ni mwaka 1899, nalo huchapisha ilani za mirathi. Mtu aliyechoshwa na ubishi wa kundini anaweza kupata huko mstari mmoja unaomaliza mjadala, au unaouanzisha upya.

Miaka ya Hali ya Hatari

Baada ya ardhi, hakuna suala zito kama la miaka ya 1952 hadi 1960. Waembu na Wameru walikumbwa na Hali ya Hatari sawa na Wakikuyu: vizuizi, vijiji vya lazima, na kambi za Mwea, ambazo wakati huo zilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu. Wilaya hiyo ilijumuisha pia Ndia na Gichugu, zilizokuja kuwa Kirinyaga mwaka 1963. Anayetafuta habari za jamaa yake wa Kirinyaga kabla ya mwaka huo, kwa hiyo, atazipata chini ya jina la Embu.

Mwaka 2011, katika kesi iliyowasilishwa London na wazee wa Kenya, ilibainika kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imeficha maelfu ya majalada ya makoloni katika jengo la Hanslope Park. Yalianza kufunguliwa kwa umma mwaka 2012 katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew. Mnamo Juni 2013 Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Tangu hapo maswali ya "babu alifungwa wapi?" yameongezeka, na vijana wamejifunza kuyauliza kwa njia mpya. Shirika la Museum of British Colonialism, lililoanzishwa mwaka 2018 na watu wa Kenya na Uingereza, likishirikiana na African Digital Heritage ya Chao Tayiana Maina, limeunda upya kwa kompyuta sura za baadhi ya kambi za Nyeri ambazo majengo yake leo ni shule, na kuzionyesha mtandaoni.

Lakini katika kundi la familia, swali hilo lina makali pande zote mbili. Nyumba moja ilimtoa mpiganaji wa msituni na mlinzi wa serikali. Mmoja alipoteza shamba na mwingine akaongezewa. Kuweka hadharani jina la aliyemchongea mwenziwe mwaka 1954 ni kumtaja pia mwanawe, ambaye pengine ni jirani na mzee wa kanisa. Watafiti waangalifu hurekodi habari hiyo, huandika nani aliisema na lini, kisha huiweka kando na ukurasa wa umma. Hilo si kuficha historia. Ni kutambua kwamba aliyetajwa hawezi kujitetea kwa kuwa amekufa, na kwamba watakaojibu kwa niaba yake hawakuwepo.

Wapo waliokufa bila hata kutajwa. Ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wapagazi, wale wa Kariakoo. Kwa familia iliyo na simulizi ya ndugu wa babu aliyekwenda "vita vya Mjerumani" asirudi, jina lililohifadhiwa katika ujumbe wa sauti wa nyanya laweza kuwa ndilo pekee lililosalia.

Mipaka ya sheria, na ya simu

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu walio hai. Inatoa nafasi kwa shughuli za kifamilia tu na kwa utafiti wa kihistoria, ila nafasi hiyo haimpi mtu ruhusa ya kumwaga ukurasani nambari za vitambulisho, picha za watoto au habari za ugonjwa wa binamu yake. Ukurasa wa Facebook unaoonwa na yeyote si sebule ya familia. Kadhalika Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016 inatambua kuwa nyimbo, dawa na matambiko ni mali ya jamii, si ya yule aliyekuwa na kamera siku hiyo. Mzee akisema, "Hili nakuambia wewe," ametoa masharti, hata kama hakutia sahihi.

Tatizo la kila siku, hata hivyo, ni la kiufundi. WhatsApp hubana picha ili zipite haraka, na maandishi yaliyo nyuma ya picha ya zamani hayasomeki tena. Heri kuituma kama faili, na kupiga picha pande zote mbili. Ujumbe wa sauti hupotea simu inapoibwa au inapojaa. Msimamizi wa kundi akifariki au akikasirika, miaka sita ya kumbukumbu huenda naye. Familia zilizo makini humteua mtu mmoja wa kuhamisha rekodi hizo kwenye kompyuta, akizipa majina yenye tarehe, msemaji na mahali, na kuandika tafsiri kando ya Kiembu au Kimbeere bila kuyafuta maneno ya asili. Nakala moja hubaki kwa jamaa mwingine, mbali na ya kwanza. Kuna maktaba ya umma mjini Embu, na Chuo Kikuu cha Embu kilichopewa hati mwaka 2016, ambako kazi iliyokamilika inaweza kuombewa hifadhi. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyo katika jengo la zamani la Bank of India, Moi Avenue jijini Nairobi, ina ripoti za kila mwaka za Wilaya ya Embu, nayo ina kanuni zake kuhusu kunakili.

Haraka inahitajika zaidi upande wa mto Tana. Mabwawa ya Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988) yalifunika mashamba, malisho na makaburi. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka ishirini maji yalipopanda Kiambere anakaribia miaka sitini, na bado anaweza kuonyesha kwa kidole, akiwa amesimama ukingoni, mahali lilipokuwa boma la kila jirani. Video ya dakika kumi ya mtu kama huyo, ikiwa na majina, tarehe na jina la aliyeirekodi, ina thamani kubwa kuliko mabishano yote kuhusu Mbwaa. Boma lile halimo katika ramani yoyote inayouzwa leo.